Nani Mgonjwa: Valvu au Oili?

Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Injini haina hulka hiyo ya kuficha. Ikiumwa inatetemeka, inakohoa, inatoa moshi, inakataa mlima mchana kweupe mbele ya abiria. Tatizo liko kwetu tunaoisikiliza. Tunasikia nusu, tunamkamata asiye na kosa, tunamtupa jalalani, halafu tunalipa fedha na kudhani kesi imekwisha. Baada ya wiki mbili mgonjwa anarudi na homa ileile.

Ndugu msomaji, hii ni makala ya historia. Najua ukisikia historia unatazamia machifu, vita na tarehe za mikataba. Vitakuwemo kidogo. Lakini mimi nataka kuandika historia ya swali moja tu ambalo watu wa kwetu Mbinga, kuanzia pwani ya Ziwa Nyasa hadi Matiri, wamekuwa wakiiuliza mashine kwa zaidi ya miaka mia: "Unaumwa wapi?" Namna ya kuuliza imebadilika mara nyingi. Swali lenyewe halijabadilika. Na yule anayedhani kwamba simu yenye programu imelimaliza swali hilo, huyo ndiye hasa ninayemwandikia.

Tuanzie majini. Liuli, kwenye ufuko wetu wa ziwa, Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali linalofanana na ile sanamu ya Misri. Hapo ndipo mwezi Agosti 1914 meli yao ya moshi, Hermann von Wissmann, ilipokutwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Guendolen, ilikuja ikaipiga. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata amepata habari kwamba vita imeanza! Vitabu vinapenda sana kisa hicho kwa sababu kinachekesha. Mimi kinachonivuta ni kitu kingine: meli ilikuwa juu kwa matengenezo. Maana yake, kabla ya risasi ya kwanza ziwani, tayari palikuwa na watu pale Liuli waliokuwa wakiikagua mashine na kujiuliza nini kimeharibika. Majina ya waliobeba magogo, waliopiga nyundo, walioshika taa, hatuyapati.

Mashine ya mvuke ilikuwa mgonjwa mwepesi. Viungo vyake viko nje. Mkono wa chuma unakwenda mbele na nyuma mbele ya macho yako, na mvuke ukivuja unauona na kuusikia. Fundi wa mvuke alitibu kwa jicho. Injini ya petroli ilipokuja, mambo yaliingia ndani ya chuma, na fundi akalazimika kuhamia kwenye sikio.

Elimu ya chuma kwa upande wetu ina mizizi mingi, na mmoja mkubwa ni Peramiho. Wabenediktini walifika pale 1898, na kadiri miaka ilivyokwenda misheni ikawa na karakana na shule ya ufundi. Wazee wa kwetu mpaka leo wakitaka kumsifu fundi wanasema, "Huyu kapitia Peramiho," hata kama kapita kwa basi tu akielekea Songea.

Halafu ikaja enzi ya malori na Landrova. Mjomba wangu, ambaye sasa ni mzee wa Matiri mwenye shamba la kahawa na kikohozi, alianza kama utingo wa lori. Kazi ya utingo, kwa wale mliozaliwa mjini, si kupakia mizigo tu. Ni kuweka kigingi chini ya tairi lori linapogoma mlimani, kulala juu ya magunia, kumwagia rejeta maji, na usiku kumshikia fundi tochi. Hapo kwenye tochi ndipo shule ilipo. Utingo mwenye akili anashika tochi kwa mkono na ufundi kwa macho.

Mjomba aliniambia walivyokuwa wakimtafuta mgonjwa ndani ya injini ya dizeli. Injini ina silinda sita, moja haifanyi kazi, lori linatetemeka. Utajuaje ni ipi? Unaiacha injini iungurume. Unachukua spana, unalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Dizeli inavuja nje, silinda ile inakosa chakula. Ukisikia mlio umebadilika, umekuwa mbaya zaidi, basi silinda ile ilikuwa nzima. Unakaza, unahamia ya pili. Unapofika kwenye silinda ambayo ukilegeza hakuna tofauti yoyote, umemkamata mgonjwa. Alikuwa hafanyi kazi, kwa hiyo hata ukimnyima chakula hapungukiwi kitu.

Kwa petroli ni hivyohivyo, ila unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja, kwa koleo yenye mpini wa mpira, la sivyo umeme utakusalimia. Kwa valvu zinazogonga, unaweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko na mpini sikioni. Mafundi wa Landrova ya petroli ya silinda nne walijua kwa kichwa kwamba nafasi ya valvu ni inchi 0.010, na walikuwa na fila geji ya kuipimia. Waliokuwa hawana fila geji walikuwa na kidole na mazoea.

Naomba tulishike hilo neno, tofauti. Mafundi wa lori hawakuwa na kompyuta wala kitabu. Walikuwa na kanuni moja: badili kitu kimoja tu, usikilize kama kuna tofauti. Ukibadili vitu vitatu kwa mpigo, hata gari likipona hujui limeponeshwa na nini. Kanuni hii nimeikuta baadaye kwenye vitabu vya sayansi imevalishwa suti. Kwa Mjomba ilikuwa imevaa ovaroli yenye grisi.

Na jiografia ya kwetu ilikuwa mwalimu mkali. Maji ya Ziwa Nyasa yako kama mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mbamba Bay ukapanda kwenye migongo ya Umatengo, huko wanakolima kwa ngolo, unavuka mita 1,500. Gari linapanda zaidi ya kilometa nzima kwenda juu katika safari moja. Kila mita elfu unazopanda, hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haikuwa na habari. Ilimwaga petroli kwa mazoea ya ziwani huku hewa imepungua, na plagi zikawa nyeusi kwa masizi. Fundi mgeni kutoka Dar es Salaam angesema plagi mbovu, lete mpya. Fundi wa Mbinga aliuliza kwanza, "Umetokea wapi?" Historia ya safari ilikuwa sehemu ya vipimo.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ikaongeza somo jingine. Fedha za kigeni zilikauka baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta kupanda. Spea hazikuwepo. Siyo kwamba zilikuwa ghali, hazikuwepo kabisa! Ukikosea kutambua ugonjwa, huna cha kubadilisha. Kwa hiyo fundi alilazimika kuwa na uhakika kabla hajafungua nati. Watu wanaikumbuka miaka ile kwa foleni za sukari na sabuni, na wana haki. Lakini nimewasikia wazee wa gereji wakisema kwamba ndiyo iliyowafundisha kufikiri. Sijui kama njaa ni mwalimu wa kusifiwa. Ninachojua ni kwamba kizazi kile hakikuwa na anasa ya kubahatisha.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Mlango ukafunguka, na chini ya Mzee Mwinyi, kuanzia 1985, ukapanuka. Magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengine moja kwa moja, mengine kupitia Dubai. Upande wa kwetu soko huria la kahawa likaja 1994, na MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kikaanguka katikati ya miaka hiyohiyo ya 1990. Malori yakabadili mikono. Barabarani vikaonekana vigari vidogo vyenye injini safi, kimya, zilizofunikwa plastiki juu kana kwamba zina aibu.

Hapo sikio likaanza kupata taabu. Ndani ya magari haya mliingia kontrol boksi, yaani kompyuta inayoamua petroli kiasi gani imwagwe na cheche ipigwe lini. Watu wakaogopa. Lakini mafundi hawakukaa wakilia. Wakagundua kwamba kwenye Toyota nyingi za wakati ule kuna kisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ukawasha swichi bila kupiga stata, taa ya cheki engine inaanza kupepesa. Inapepesa mara moja, inapumzika, inapepesa mara nne: hiyo ni 14, angalia mfumo wa cheche. Kipande cha waya, jamani! Kilitosha kuifanya kompyuta iongee. Vijana wa gereji walihesabu mipepeso kwa sauti kama watoto wa chekechea, mmoja akihesabu na mwenzake akiandika kwa msumari kwenye vumbi la bodi.

Sasa tufike kwenye hiyo sehemu ambayo leo inawatoa watu jasho. Injini ina valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi. Kinachozifungua ni kamshafti, ambayo inazunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Kwa miaka mingi uhusiano huo ulifungwa moja kwa moja kwa cheni au mkanda. Ilikuwa ni maelewano ya lazima: ukipanga valvu zifunguke mapema, injini inavuta vizuri kwenye mwendo lakini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inapounguruma bila kukanyaga mafuta. Ukipanga zichelewe, inatulia ikisimama lakini inakuwa nzito. Huwezi kupata vyote.

Wahandisi wakasema, kwa nini tusipate vyote? Alfa Romeo wakatangulia kuuza gari la aina hiyo mwaka 1980. Honda wakaja na mfumo wao wa VTEC 1989. Toyota wakaleta VVT-i katikati ya miaka ya 1990, na baada ya muda mfupi ikaingia hata kwenye magari yao madogo. Ile IST iliyotoka 2002, ambayo leo huwezi kutembea hatua kumi Kariakoo bila kuiona, inayo. Mtu anaweza kuendesha VVT-i miaka kumi asijue ni nini, akadhani ni mapambo tu ya maandishi.

Inafanya kazi hivi. Kwenye ncha ya kamshafti kuna gia yenye vyumba vidogo ndani. Oili ya injini ikisukumwa chumba hiki, kamshafti inasogea mbele kidogo na valvu zinafunguka mapema. Ikisukumwa chumba kile, inarudi nyuma. Anayeamua oili iende wapi ni kivalvu kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba na soketi ya waya kichwani. Mafundi wanaiita OCV, au valvu ya VVT. Ndani yake kuna kijiti cha chuma kinachoteleza mbele na nyuma, kikivutwa na koili inayoamrishwa na kontrol boksi mara nyingi kwa sekunde. Msomaji, tazama ujanja wenyewe: oili, ambayo tangu enzi za lori ilikuwa kilainishi tu, sasa imepewa kazi ya mkono. Inasukuma, inavuta, inapeleka amri. Oili ikiwa chafu, amri hazifiki.

Na hapa lazima nivuke bahari kidogo, kwa sababu ile taa ya njano ina asili yake. Jimbo la California, Marekani, lilichoka na moshi uliofunika mji wa Los Angeles. Likataka magari yajichunguze yenyewe na yatoe taarifa yanapoanza kuchafua hewa. Kutoka hapo ukakua utaratibu unaoitwa OBD-II, na kuanzia magari ya mwaka 1996 ukawa lazima Marekani nzima. Soketi ya namna moja, lugha ya namna moja. Namba P0011 inasema kamshafti imetangulia kuliko ilivyoamriwa. P0012 inasema imechelewa. P0010 inasema kuna shida kwenye njia ya umeme ya kivalvu. Lugha iliyobuniwa kwa ajili ya hewa ya California ndiyo inayowaka leo kwenye dashibodi Matiri, ambako hewa haina neno.

Isome tena hiyo P0011. Haisemi "valvu mbovu". Inasema kamshafti imetangulia, basi. Ni shahidi anayesema, "Nimemwona mtu kavunja dirisha." Hajasema ni nani. Lakini madukani namba hiyo imegeuzwa hukumu: P0011 ni OCV, lete hela. Hiyo siyo kupima, ndugu zangu. Hiyo ni ramli yenye skrini.

Nimeishuhudia Matiri kesi ya namna hiyo mwanzo mpaka mwisho. Binamu yangu alikuwa na kigari cha Kijapani ambacho kilikuwa kila kitu: teksi ya kwenda Mbinga mjini, mbeba miche, na usiku, akina mama wakishikwa uchungu, gari la wagonjwa. Taa ikawaka. Injini ikipata moto ilitetemeka ikiwa sailensa, na akipunguza mwendo kwenye kona ilizima. Akaipeleka gereji moja, ambayo sina sababu ya kuitaja. Wakachomeka mashine, ikasoma P0011, wakamuuzia kivalvu cha mtumba. Taa ikazimika. Baada ya wiki mbili ikawaka tena, kutetemeka kulekule. Safari hii wakamwambia injini imekwisha, atafute nyingine nzima.

Bei ya injini nzima hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kahawa, tena bado iko mtini. Wa kwetu mnajua ninakoelekea. Mbinga kuna kitu kinaitwa magoma: unauza kahawa kabla haijaiva, mnunuzi anakupa fedha leo kwa bei ya kuchekesha, na msimu ukifika mavuno ni yake. Magoma yamesomesha watoto na yamefilisi nyumba. Binamu alikuwa ameshazungumza na mtu. Kosa la kutambua ugonjwa wa kivalvu cha ukubwa wa kidole gumba lilikuwa linakwenda kula mavuno ya mwaka mzima.

Shangazi ndiye aliyesema gari lipelekwe kwanza kwa Mjomba. Kijana mmoja jirani, aliyesomea ufundi Songea, akaitwa pia. Alikuja na mita ya kupimia umeme na kile kifaa kidogo chenye chipu ya ELM327, au nakala yake, kinachochomekwa kwenye soketi ya gari na kuongea na simu.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, muulize yeye, mimi nitamuuliza mwenye gari."

Wakagawana kazi hivyohivyo. Kijana akasoma: P0011. Akachomoa soketi ya kivalvu, akapima koili. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota kipimo kizuri ni kati ya omu 6.9 na 7.9 ikiwa ya baridi, na magari ya jamii hiyo hayatofautiani sana. Ilisoma 7.3. Umeme mzima. Waya zikakaguliwa, hazijakatika. Injini ikawashwa, na kijana akakipa kivalvu umeme wa betri moja kwa moja kwa nukta chache. Hapo injini nzima inapaswa kutetemeka vibaya au kuzima, kwa sababu kamshafti imesukumwa mbele wakati si wake. Umeme ukiondolewa, inatulia.

Sote tukasikiliza. Hakuna tofauti. Ilikuwa inatetemeka kabla, ikaendelea vilevile.

Mjomba akainua kichwa. Alikuwa hajui omu ni nini, lakini hiki alikijua. "Ni kama nozeli ya silinda iliyokufa," alisema. "Unaipa, unainyima, yeye yuleyule. Amekwama." Kisha akamgeukia binamu. "Oili ulimwaga lini?"

Binamu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alikuwa hamwagi. Alikuwa anaongezea tu, kila inapopungua, oili ya kupima kwenye kopo. Namba 40, nzito.

"Nani alikwambia namba 40?"

Kimya. Binamu akatazama chini, kwa adabu.

"Mimi," Mjomba akasema mwenyewe. "Nilimwambia mimi. Lori letu lilikuwa linaipenda."

Kivalvu kilipotolewa, kile kijiti kilikuwa kimenata kwenye kitu cheusi kama lami ya nazi iliyoungua, kimekwama upande wa kutangulia. Kichujio kidogo cha waya kinachokilinda kilikuwa nusu kimeziba. Hiki kilikuwa kivalvu cha pili, kile cha mtumba. Cha kwanza hakikuwa mgonjwa wala cha pili. Vyote viwili vilizamishwa kwenye tope lilelile. Kijana akakiosha kwa petroli, akakipa umeme mkononi, kijiti kikaruka tki! akaachia, kikarudi. Kichujio kikasafishwa. Oili ikamwagwa ikiwa ya moto, ikawekwa nyepesi ya 5W-30 na filta mpya, kwa makubaliano kwamba baada ya kilometa 500 itamwagwa tena, kwa sababu uchafu wa miaka hautoki siku moja. Kile kipimo cha betri kikarudiwa, na safari hii injini ikatetemeka na kuzima pale ilipotakiwa kuzima. Sijapata kuona watu wakifurahi hivyo kwa sababu gari limezima.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila P0011 ni oili. Kingekuwa kivalvu kinacheza vizuri, oili safi, kichujio wazi, basi uchunguzi ungeendelea ndani: cheni ya taimingi iliyolegea au kuruka jino, gia ya kamshafti iliyokwama, sensa. Na kipo kivalvu ambacho koili yake imekatika kweli, mita ikikipima haisomi kitu. Hicho kibadilishe bila huruma. Ninachosema ni utaratibu: anza na cha bei nafuu na kilicho karibu, badili kimoja, sikiliza tofauti, ndipo uende ndani. Ni utaratibu wa spana kwenye nati ya nozeli.

Nimeifikiria sana ile namba 40. Kama ningeandika kwamba wazee ndio wenye hekima na vijana wana simu tu, ningekuwa nimesema uongo mtamu. Mjomba alikuwa na sikio na swali zuri. Lakini ugonjwa wenyewe ulitoka kwake, kutoka kwenye desturi iliyokuwa sahihi kwa lori la miaka ile na ikawa sumu kwa injini yenye njia za oili nyembamba kama sindano. Na kijana alikuwa na vipimo, lakini asingeuliza oili ilimwagwa lini, kwa sababu skrini haina swali hilo. Historia ilikuwa imeganda ndani ya kile kivalvu, na ilihitaji watu wawili wa vizazi viwili kuisoma.

Magari yenyewe yanazidi kuja. Barabara nayo imebadilika: kilometa 78 kutoka njia panda ya Peramiho hadi Mbinga zilitiwa lami chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia na Marekani uliokwisha 2013, na zile 67 za Mbinga hadi Mbamba Bay zikafuata kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Magari tunayoagiza yanatufikia yakiwa yameshatumika miaka mingi, hakuna ajuaye oili yake ilimwagwa lini huko yalikotoka. Kila moja linakuja na historia isiyoandikwa.

Ndiyo maana nawageukia ninyi mnaotaka kuandika. Tunalalamika kila mkutano kwamba hatuna mada, kwamba yote yamekwisha kuandikwa na wakubwa. Nendeni gereji! Pale kuna lugha inayozaliwa kila siku: kumwaga oili, kumisi, sailensa, kula oili, kukata moto. Pale kuna watu wanaoweza kukuambia mwaka ambao spea ziliadimika kwa kutazama kovu la kuchomelea kwenye chesisi. Hakuna mtu anayewaandika. Mafundi wa Liuli wa 1914 wamepotea na majina yao, na hawa wa leo wako njiani kuwafuata.

Binamu hakuuza magoma mwaka ule. Kahawa iliiva mikononi mwake, akaiuza kwa bei ya msimu kama watu wengine. Kwenye boksi la gari, pembeni ya leseni, ameweka daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Kila anapomwaga oili anaandika tarehe, kilometa na namba ya oili. Akiliuza gari hilo kesho, daftari litakwenda nalo, na fundi atakayelipokea atakuwa na pa kuanzia.